Siku nne Tanga, na daftari la theluji

ALHAMISI

Basi limetoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa mbili asubuhi. Joto la Januari halina subira. Kufika Kibaha shati limeshanata mgongoni. Kwenye begi nina nguo za siku nne, kilo mbili za tende, na daftari la jalada gumu ambalo kona zake zimelika. Hilo daftari ndilo lililonitoa Dar.

Nililiona mwezi uliopita tulipokuwa tunahama nyumba, chini ya bahasha ya vyeti. Kurasa za mwanzo ni hesabu tupu: zamu ngapi, saa ngapi, nimetuma nyumbani kiasi gani. Halafu, kuanzia Jumatano tarehe 20 Januari 2016, hesabu zinakatika na maneno yanaanza. Ni kurasa kumi na moja za siku za ile theluji kubwa ya pwani ya mashariki ya Marekani. Wakati huo nilikuwa nabeba boksi, kama tunavyosema, ingawa boksi lenyewe sikulibeba. Nilikuwa naogesha wazee, nawageuza kitandani na kuwalisha, kwenye nyumba ya kulelea wazee nje kidogo ya mji wa Baltimore.

Siku ileile nilimpigia Dada. Hatukuzaliwa tumbo moja. Ni mwanamke wa Tanga niliyefanya naye kazi zamu moja, kanizidi miaka ishirini hivi, na kila Mswahili pale alimwita Dada. Alirudi nyumbani kabla yangu. Nikaanza kumsomea ukurasa wa kwanza, akanikatiza: "Usinisomee hewani, mdogo wangu. Njoo nalo."

Chalinze tumepita, tukavuka Wami, Mkata, Kabuku. Toka Segera unaanza mkonge, mistari iliyonyooka hadi macho yanachoka. Mkonge huu haukuwa wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893 kutoka Florida, vipando 1,000, na vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Nilikuwa naufikiria huku daftari liko mapajani, kwa sababu dhoruba yetu nayo ilibeba maji yake kutoka upande huohuo wa dunia, Ghuba ya Meksiko, ikapanda na pwani mpaka ikakutana na baridi iliyoshuka kutoka kaskazini.

Muheza nimenunua machungwa kupitia dirishani. Nikasoma.

Jumatano ile nimeandika: "Theluji haifiki hata kina cha kidole kimoja lakini Washington imekwama." Kweli ilikwama. Lami iliganda kabla chumvi haijamwagwa, magari yakateleza na kulala barabarani saa nyingi, na kesho yake meya wa mji akaomba radhi. Na hiyo ilikuwa rasharasha tu. Alhamisi tarehe 21 nimeandika: "Mkate umekwisha dukani. Maziwa yamekwisha. Dada amesema kesho nije na nguo za siku tatu. Nimemwuliza kwani tunahamia? Amesema watabiri wa hali ya hewa wakishasema wote neno moja, fungasha."

Kange nimeshuka saa tisa alasiri, bajaji ikanipeleka Makorora.

"Hodi!"

"Karibu! Nani huyo?"

"Mimi, Dada. Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Pita ndani, jua hilo. Umekuja nalo?"

Hata maji sijanywa. Nikampa daftari, akalipapasa jalada, akaliweka juu ya kabati la vyombo. "Leo pumzika. Halikimbii."

IJUMAA

Dada anauza barafu. Ukwaju, ubuyu na embe kwenye vifuko vya plastiki, friza moja sebuleni imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Watoto wa mtaa wanagonga tangu saa nne asubuhi. Mjukuu wake wa miaka saba ndiye karani: anapokea hela, anahesabu, anatoa chenji. Goti la Dada haliruhusu kuinuka kila dakika.

Huyo mjukuu ndiye aliyeniuliza kama theluji ni barafu. Nikaanza kueleza, nikaona naeleza vibaya. Dada akasema, "Lete kijiko." Akafungua friza, akakwangua ukutani ule ukungu mweupe unaojijenga pale ambapo hakuna mtu wa kuugusa. Akakwangua taratibu, kwa mgongo wa kijiko, akaumimina kwenye kiganja cha mtoto. Ulikuwa mwepesi kama unga wa mchele, ukameremeta, ukaanza kuzama katikati kabla mtoto hajamaliza kushangaa. "Hiyo barafu unayouza ni maji yaliyoganda," akamwambia. "Hii haikuwa maji ya kumwagwa. Imetoka kwenye hewa. Sasa fikiria inashuka kutoka mbinguni mchana na usiku."

"Inafika wapi?"

Nikaomba futikamba. Uwanja wa ndege wa Baltimore walipima sentimita 74, na mji ule haujawahi kupata theluji nyingi kiasi hicho kwenye dhoruba moja tangu waanze kupima. New York, kwenye bustani ya Central Park, ilikuwa kama 70, nayo rekodi ya tangu mwaka 1869. Tukamsimamisha mtoto ukutani, Dada akaweka alama ya chaki kwenye 74. Ilimpita kiunoni. Akaitazama ile alama, akanyanyua mguu mmoja juu kabisa kama anayetaka kuvuka kitu, akapiga hatua. Hakusema neno. Akarudi kwenye friza yake.

Baada ya sala ya Ijumaa tukala wali na samaki wa kupaka, kisha Dada akasema haya, soma ya Ijumaa.

Tarehe 22 zamu yetu ilianza saa tisa alasiri na theluji ilikuwa inaanza. Nimeandika kwamba ilianza "kama majivu ya shamba linalochomwa mbali". Saa kumi na mbili jioni taa za barabarani hazionekani. Wenzetu wana kipimo cha dhoruba ya namna hii: upepo usiopungua kilomita 56 kwa saa, macho yasifike mbele zaidi ya mita 400, na hali hiyo idumu saa tatu mfululizo. Yetu ilidumu kuliko hivyo, na mita 400 ingekuwa neema. Mimi sikuwa naona uzio wa maegesho.

Waliotakiwa kutupokea saa tano usiku hawakufika. Mmoja alipiga simu akilia. Gari lake lilikuwa limefukiwa. Wala sikuwalaumu, njia haikuwapo. Tukabaki wanne: muuguzi wa zamu, mpishi kutoka El Salvador, Dada na mimi. Wazee walikuwa 22.

Nilikuwa nimesahau kwamba usiku ule Dada alipika chai. Daftari linasema: "Chai ya iliki, sufuria kubwa, wazee wote wamekunywa hata wasiopenda." Nilipomsomea alikaa kimya kidogo, akasema, "Iliki ilikuwa ya Muheza. Nilitumiwa na mama." Kisha akaenda kuswali alasiri, na hakurudi kwenye daftari siku hiyo.

JUMAMOSI

Alfajiri kaka yake Dada amenipitia kwa baiskeli, nikapanda nyuma, tukaenda mnada wa samaki, Deep Sea. Ni mvuvi wa siku nyingi. Kaskazi inavuma, mashua zinaingia moja moja, changu na tasi wanapangwa kwenye saruji. Nilimweleza dhoruba ile. Alisikiliza akiwa anaosha miguu, kisha akauliza swali ambalo katika miaka kumi hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Upepo ulitoka wapi?"

Nikamwambia kaskazini mashariki, kutoka baharini. Wenyewe hata jina la dhoruba hizo wanalitoa huko.

"Basi hiyo ni kaskazi yao," akasema. "Kaskazi iliyopotea njia ikaingia kwenye baridi."

Kuna la kuongeza. Kaskazi yetu ni ya msimu, miezi na miezi, chombo kinaiamini. Ile ya kwao huzaliwa na kimbunga kinachopita kando ya pwani kikizunguka: hewa inavutwa kutoka baharini, imebeba mvuke wa maji yenye uvuguvugu, inapandishwa juu ya hewa baridi iliyotanda nchi kavu, na mvuke unashuka theluji. Kwenye fukwe za New Jersey na Delaware bahari yenyewe iliingia mitaani, mwezi ukiwa mpevu na maji yakiwa makuu. Hapo kaka yake Dada akatikisa kichwa. Bamvua na upepo wa baharini, hilo hakuhitaji kuelezwa.

Usiku, umeme umekatika kidogo, tumekaa barazani. Dada akasema, "Sasa soma yenyewe."

Nikawasha tochi ya simu.

"Jumamosi 23. Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Mzee wa chumba cha 9 amefariki."

Alikuwa amefanya kazi bandarini Baltimore maisha yake yote. Alimpenda Dada kwa sababu ya bandari ya Tanga. Dada alimsimulia jinsi baba yake alivyokuwa kuli wa matishari, enzi meli kubwa zinatia nanga nje na shehena inashushwa kwenye matishari yanayovutwa hadi gatini. Mzee akataka kujua kila kitu: tishari linabeba tani ngapi, wanafanyaje mawimbi yakichafuka, nani anahesabu magunia. Kila zamu alikuwa na swali jipya. Dada alikuwa akimpigia mama yake Tanga kuuliza majibu.

Muuguzi alifanya yanayotakiwa kufanywa, akapiga simu zinazotakiwa kupigwa. Watu wa mazishi wakasema gari lao halitoki mpaka barabara zifunguliwe, labda Jumatatu. Wakaelekeza: zimeni hita ya chumba, fungueni dirisha, fungeni mlango.

Sisi watu wa pwani tunaelewa hilo ni zito kiasi gani. Kwetu mtu akifa asubuhi, adhuhuri keshazikwa. Akifa usiku, watu wanakesha naye na asubuhi wanampeleka. Kusema mtu atakaa siku mbili, dirisha wazi, mlango umefungwa, kama kitu kilichowekwa akiba! Niliandika neno moja tu: "Jumatatu?"

Saa nne asubuhi binti yake alipiga simu kutoka California, ambako ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha. Dada ndiye aliyeipokea. Binti hakulia. Aliuliza swali moja: kuna mtu yuko naye?

Dada akasema, "Yupo."

Nilikuwa nimesimama pembeni yake na nilijua chumbani hapakuwa na mtu. Wote tulikuwa ukumbini tunawalisha wazee uji. Dada akaweka simu chini, akavua aproni, akanipa bakuli lililokuwa mkononi mwake, akaenda kukaa.

Tangu pale, mpaka wanamchukua, palikuwa na mtu. Tuligawana saa mbili mbili, makoti mwilini, kofia masikioni, kiti kimewekwa karibu na kitanda. Mpishi alisali kwa dini yake. Nilimuuliza Dada usiku huu alikuwa anasoma nini. Akasema, "Sikumsomea kitu, hakuwa wa dini yetu. Nilikaa. Nilimwambia tu bei ya karafuu na nani kaolewa."

Hapa ndipo daftari na kumbukumbu yangu vimegombana. Miaka yote nimewasimulia watu kwamba usiku wa Jumamosi nilikaa na mzee kuanzia saa sita hadi saa kumi, peke yangu, dirisha wazi, mwezi umetoka baada ya theluji kukatika, chumba kizima cheupe kama mchana. Nimesimulia hivyo mpaka nikaamini. Daftari lina mistari miwili tu: "Saa sita nimeingia chumba cha 9." Na chini yake: "Saa kumi Dada kaniamsha."

"Uliniamsha wapi?" nikamwuliza.

"Nje ya mlango, sakafuni. Umeegemea ukuta. Mlango umeuacha wazi ili umwone, na baridi yote inatoka inakupiga wewe." Akanyamaza. "Nilikuja saa tisa. Nikakuacha ulale. Ulikuwa mtoto, na ulikuwa umesimama tangu juzi yake."

"Na dirisha?"

"Nilifunga."

Sikuwa nalijua hilo. Theluji ya angani ilikuwa imekatika kabla ya saa sita usiku, lakini upepo ulikuwa bado unaichota chini na kuirusha. Dada aliikuta imejaa kwenye kizingiti cha dirisha, imemwagikia kitandani upande wa miguu, imejijenga juu ya blanketi mstari mwembamba kama chumvi iliyomwagwa kwa mkono. Akaikusanya kwa sinia la chakula, mara tatu, akaitupa nje, akafunga. Aliyeagiza dirisha liwe wazi alikuwa na sababu zake. Dada alikuwa na yake: "Ilikuwa inamwingilia miguuni."

Jumapili tarehe 24 jua liliwaka kwa namna ya kuumiza macho na kimya kilikuwa kikubwa mno. Mlango wa mbele ulikataa kusukumika. Tulitokea dirisha la jikoni, mimi na mpishi na makoleo mawili. Muuguzi alitusimamisha kila baada ya dakika kumi. Theluji iliyoshindiliwa na upepo ni nzito kama mchanga wa mvua, na mtu asiyezoea anaichota kwa pupa mpaka moyo unagoma. Dhoruba ile iliua makumi ya watu, na baadhi yao walifia na koleo mkononi. Wengine waliwasha gari wapate joto, hawakujua bomba la moshi limefukiwa nyuma. Mpaka leo sigusi swichi ya gari lolote lililolala kwenye tope kabla sijazunguka nyuma kuangalia bomba. Vijana wangu wa gereji wananishangaa.

Jumatatu mchana greda lilifika. Tukachimba kutoka mlangoni hadi barabarani, njia ya upana wa machela, kuta zake pale upepo ulipolundika zikifika kifuani. Watu wa mazishi walikuwa wawili. Walimpitisha mzee humo polepole, na Dada akafuata nyuma yao hadi kwenye gari, kwa raba zake za kazini, bila buti. Nimeandika: "Dada kasindikiza."

Umeme ukarudi. Friza ikaanza kuunguruma ndani. Tukalala.

JUMAPILI

Basi langu ni saa nne. Nilifikiri tumemaliza. Baada ya chai na vitumbua Dada akaingia chumbani, akakaa sana, akatoka na kanga moja imekunjwa.

Akaikunjua mezani. Nyekundu, pindo jeusi, mji wake wa korosho, imefuliwa mpaka imelainika kama leso ya mtoto. Jina lake bado linasomeka: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE.

"Ya pili yake iko wapi?" nikauliza. Kanga ni doti, hakuna asiyejua.

"Kwa mzee."

Ile saa tisa, baada ya kufunga dirisha, blanketi la miguuni lilikuwa limelowa. Akaliondoa. Kabati la mashuka liko ghorofa ya chini, na hakutaka kumwacha, kwa sababu alishasema yupo mtu. Akafungua kanga aliyokuwa amejifunga kiunoni chini ya koti, akamfunika miguu, akaichomekea vizuri. Jumatatu alimfuata mpaka kwenye gari akiwa na hakika kwamba wataivuta na kumrudishia. Yule kijana mdogo wa mazishi aliiona. Akaikunja pembeni ili isikwame, akafunga zipu.

"Sikuwahi kumwambia mtu," akasema. "Nilijiuliza, binti yake ataona nini? Baba yake kafunikwa maandishi ya watu." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika goti. "Mzee wa watu kaenda kaburini na simba na meno yake!" Nikacheka naye, na macho yake yalikuwa yamejaa, na yangu.

Mjukuu akaja kuuliza kuna nini. Dada akamvika kanga mabegani, ikaburuzika sakafuni.

Bajaji ilikuwa imeshapiga honi mara ya kwanza. Dada akasema, "Toa kalamu." Akafungua daftari mwenyewe, akatafuta Jumamosi ya tarehe 23, akaweka kidole katikati ya ile mistari miwili, pale pasipoandikwa kitu. Nikaandika: "Saa tisa usiku Dada alifunga dirisha." Akavaa miwani, akasoma, akanirudishia.

"Na kanga," akasema.

Nikaongeza.